Mwambie Huyo Mtu

Kariandusi,
Jumapili, 4 Novemba 1956

Cheptanui mpenzi,

Nimeolewa! Najua unajua, wewe ndiye uliyesimama nyuma yangu kanisani Nakuru ukanikanyaga gauni. Lakini ni miezi mitatu sasa, na bado kila asubuhi nikiamka najiambia kama mtu aliyepokea habari mpya: Nanyama, umeolewa na Wamalwa.

Acha nikueleze nyumba. Ni chumba kimoja na jiko, chini kabisa ya machimbo ya udongo mweupe ambako Wamalwa ni karani. Dirisha ni moja, nalo linatazama ukuta wa machimbo, mweupe toka juu hadi chini. Ukitaka kuona mbingu lazima uiname. Nimeupenda! Jua likiupiga saa nne, nyumba yote inang'aa kama tuko ndani ya yai. Jioni Wamalwa anarudi na vumbi jeupe hadi kwenye kope, mzee wa miaka tisini, nami namfuta kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, paji la uso kwanza, halafu mashavu, na polepole kijana wangu anatokea tena. Kila jioni naolewa upya. Cheka tu.

Nina habari mbili. Ya kwanza: shule ya watoto wa wafanyakazi hapa inataka mwalimu kuanzia Januari, na wamenikubali! Kule kukariri kwetu chini ya blanketi hakukupotea bure. Wamalwa aliposikia alinizungusha jikoni mpaka sufuria ikaanguka.

Ya pili, shika kiti. Bwana mkubwa wa machimbo ametupa zawadi ya harusi: siku nzima ya mashua katika ziwa Naivasha, Jumamosi ya tarehe 17, pamoja na mtu wa kutuongoza, Kiprugut, ambaye watu wanasema anajua kila ndege kwa jina lake na jina la mama yake. Hebu fikiria ziwa lililokaa juu huko kati ya milima, Longonot upande huu, Mau upande ule, na mimi na Wamalwa katikati, na mwavuli wangu mweupe! Nitavaa vile viatu vya harusi.

Kuna jambo moja dogo. Juzi ilikuja barua kutoka Kimilili. Wamalwa aliisoma amesimama mlangoni, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akasema baba yake anakuja kututembelea wiki hiyo hiyo, na itabidi twende naye mashuani. Unakumbuka mila zetu Wabukusu nilivyokuwa nikiwasimulia bwenini mkacheka: mke wa mwana na baba mkwe hawashikani mikono, hawakai benchi moja, hawatazamani usoni, hawasemezani, na mimi siwezi kulitaja jina lake, hata kwako, hata katika karatasi. Ataitwa Mzee. Nyumbani ni rahisi, atalala kwa jirani zetu, kina Njoki. Lakini mashuani? "Mashua ni ndefu," asema Wamalwa. Urefu gani, hakusema.

Niombee jua.

Wako mwenye furaha mpaka aibu,
Nanyama


Keringet,
11 Novemba 1956

Bibi Harusi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Nimehesabu. Wamalwa: mara saba. Mimi: mara moja, mwanzoni, kwa sababu ya adabu. Nimesamehe. Hapa mvua haikatiki, nafundisha watoto sitini kuandika "a", na mwanamume pekee anayenitazama ni ng'ombe wa mwalimu mkuu, naye si mwanamume sawasawa. Kwa hiyo niletee ndege wote wa ziwa pamoja na mama zao.

Ila nina swali, dada, na usinikasirikie. Ile barua iliyoingia mfukoni ilisema nini? Kwetu Kipsigis baba wa kijana hafungi safari ya treni kuja kutembea. Huja kutoa kitu, au huja kuchukua kitu. Mzee wa Kimilili haji mpaka Kariandusi kutazama ndege.

Muulize mumeo. Muulize kabla ya mashua.

Wako,
Cheptanui


Kariandusi,
19 Novemba 1956

Mpendwa Cheptanui,

Ziwa ni zuri sana. Uliniagiza ndege, basi nakuletea. Tai wa samaki, kichwa cheupe, anaita huku ametupa shingo nyuma kama mwimbaji wa kwaya anayejipenda. Wanandi, wale ndege weusi wapiga mbizi, wamekaa juu ya miti iliyokufa wakianika mabawa kama mashati. Korongo, bata, na mmoja mdogo wa buluu ambaye Kiprugut alisema hachoki kuvua kwa sababu ana wake wawili. Tuliona viboko, masikio tu. Maji yalikuwa kama kioo asubuhi, na Longonot ulikuwa umesimama ndani yake kichwa chini.

Pale hotelini tulipitia mlango wa jikoni, maana veranda si ya watu kama sisi, lakini mpishi alitupa mkate na chai nzuri.

Tulichelewa kidogo kurudi. Samehe mwandiko, mkono wa kulia umeteguka kidogo. Je, unajua dawa ya kuteguka? Vile viatu vyeupe vimebaki ziwani, mwavuli pia, lakini ni vitu tu.

Mzee ameondoka jana alfajiri kwa treni. Hatukuagana.

Hapa jua ni kali na ukuta unaumiza macho. Nimetundika shuka dirishani.

Rafiki yako,
Nanyama


Keringet,
25 Novemba 1956

Nanyama,

Mkono ufunge kwa kitambaa cha maji ya chumvi, usiunyooshe.

Nimechukua kalamu tena. Wamalwa: hakuna. Hata mara moja. Umeniandikia bata, umeniandikia mkate, na mume wako hayumo mashuani.

Nimelala kitanda cha juu yako miaka minne. Ukilia nilikuwa nasikia chuma kinatikisika, asubuhi nikikuuliza unaniambia habari za hali ya hewa. Hii ni barua ya hali ya hewa. Niandikie nyingine.

Cheptanui


Kariandusi,
30 Novemba 1956

Cheptanui,

Umehesabu vizuri. Hata katika barua hii hutalipata hilo jina.

Tulikaa hivi: Kiprugut nyuma kabisa kwenye injini, Mzee benchi la mbele yake, mume wangu katikati, mimi puani mwa mashua, mgongo kwao. Hata hivyo nilihisi macho ya Mzee shingoni, na niliogopa nikigeuka kutazama ndege nitamtazama yeye. Kwa hiyo nilifungua mwavuli nikauegemeza mgongoni kama ukuta. Nilijiona mwerevu.

"Mama," akaita Kiprugut, "funga mwavuli, sioni mbele."

"Hawezi," mume wangu akamjibu. "Ni mila."

"Na mila inaona mafunjo?"

Mume wangu akacheka. Mimi pia nilicheka. Kiprugut akawa anaendesha akichungulia kushoto, kulia, huku akitutajia ndege wake, na saa nane mchana tukaingia katika njia ya maji kati ya visiwa viwili vya mafunjo. Mafunjo ya Naivasha hayakushika ardhi, Cheptanui. Yanaelea, visiwa vizima na mizizi yake, na upepo ukipiga vinatembea. Mbele njia ilikuwa imekwisha kujifunga na mtu wa kuiona alikuwa amezibwa na mwavuli wangu. Tulipogundua, na nyuma pia palikuwa pamejifunga. Injini ikasokota mizizi ikazima.

"Kisiwa kimetembea," akasema Kiprugut, kama mtu anayesema chai imeisha. "Tungoje upepo ugeuke."

Mafunjo yanapita kichwa cha mtu. Milima yote ilitoweka. Ilibaki mbingu kidogo, kama kifuniko, joto, mbu, na pumzi ya kiboko mahali fulani ambapo hatukupaona. Na sisi wanne tunasikilizana tumbo. Baada ya kama saa moja Mzee akakohoa.

"Wewe mwenye mashua. Mwambie huyo mtu aliye mbele kwamba Jumatatu tunapanda treni."

"Si anakusikia, Mzee? Nikinyoosha kasia hili namgusa."

"Mwambie."

Kiprugut akavuta pumzi, akatumia ile sauti yake ya kuonyesha ndege. "Mama, upande wa nyuma kuna mzee. Anasema Jumatatu mnapanda treni."

Nilisema, "Muulize treni ya wapi."

"Ya Bungoma. Mwambie jiko la mama mkwe wake linamngoja, na mke wa mwana wa kwanza hukaa pale mpaka apate mtoto, kama walivyokaa wenzake. Mwambie kijana alikwisha kubali, kwa barua, mwezi wa kumi."

"Mama, anasema kuna jiko..."

"Nimesikia. Mwambie nina kazi ya kufundisha Januari."

"Mzee, ana kazi."

"Mwambie watoto wapo hata Kimilili."

"Mama, watoto wapo. Jamani, mimi kazi yangu ni ndege!"

Niligeuka kwa mume wangu, mwavuli na vyote. Mwezi wa kumi, Cheptanui! Alikuwa amekwisha kukubali siku ile aliponizungusha jikoni. Nikamuuliza kama ni kweli. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilitaka kukuambia baada ya mashua," akasema. "Nilitaka kwanza ufurahi."

Nimelirudia neno hilo kila siku tangu siku ile. Sijui kama ni la mtu anayenipenda au la mtu anayenenepesha mbuzi.

Sikuwa na mahali pa kwenda hata pa kulia. Ukilia katika mashua kila mtu anatikisika.

Upepo ulianza kugeuka karibu na saa kumi na moja. Kiprugut akaruka juu ya mafunjo na panga, akawa anakata mizizi huku anayumba kama anakanyaga godoro. Akapiga kelele kwamba pua imelala, watu wote waje nyuma ili inyanyuke. Mume wangu akaenda akakaa pale kwenye injini. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, benchi la Mzee.

"Mama, njoo nyuma!"

"Siwezi!"

"Mzee, mwambie!"

"Mimi siwezi kumwambia."

"Basi tutazikwa hapa na mila zenu!"

Nyumbani nimesema nilianguka. Wewe peke yako nakuambia: sikuanguka. Nilishuka. Nilimwona Kiprugut amesimama juu ya kijani kile, nikaona pana nafasi ya mtu kuwa peke yake, mbali na wale wawili, nikainua mguu nikatoka. Yeye alijua pa kukanyaga. Mimi nilikanyaga majani, na chini ya majani palikuwa maji, meusi, ya baridi, na mizizi ikanifunga kiuno kama mikono. Sijui kuogelea. Nilisikia mume wangu akiita jina langu kutoka mbali, upande wa pili wa mashua. Halafu kitu kikanishika kifundo cha mkono, kikavuta mpaka mfupa ukalia.

"Mukhana wange! Shika! Mukhana wange!"

Kwa Kibukusu hiyo ni "binti yangu." Baba ndiye husema hivyo, kwa mtoto aliyemzaa. Nikatazama juu, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wa Mzee. Ana kovu kidevuni. Ana macho yale yale niliyokuwa nikiyafuta vumbi kila jioni.

Alinikalisha kando yake. Kiprugut alifungua njia, tukafika gati jua likizama, na njia nzima Mzee hakuuachia mkono wangu. Tulipogusa mbao aliuachia kama ameungua, akatembea bila kugeuka. Jumapili alfajiri kina Njoki wakatuambia amekwenda.

Sasa nangoja. Akinitaka, nakwenda jikoni kwa mkewe na Januari wanatafuta mwalimu mwingine. Akisema nimevunja mila na mwanawe aniache, narudishwa kwa baba yangu. Njoki, kwa kuwa ni Mkikuyu, hawezi siku hizi kwenda hata Gilgil bila kibali kilichoandikwa, na ananiambia, heri wewe mwenye treni. Sijamwambia treni gani.

Na yeye wa humu ndani simsemeshi. Nasemesha birika. "Birika, mwambie huyo mtu chakula kiko mezani." Anakula. Bado anarudi mweupe, lakini kitambaa nimemwachia kwenye msumari, ajifute mwenyewe.

Nanyama


Naivasha,
9 Desemba 1956

Kwa Mama Nanyama, Kariandusi,

Salamu nyingi. Mimi ni Kiprugut wa mashua. Imekuja barua kwa jina langu kutoka mbali, nikafikiri ni makosa ya posta, kumbe ni yule mzee. Ananiandikia mimi ili nikuambie wewe. Nilidhani kazi hiyo niliiacha kwenye mafunjo. Nimeona yaliyomo hayafai kusemwa kwa kinywa changu, kwa hiyo naituma yenyewe, imo humu. Kiatu chako kimoja kimeelea mpaka gatini, nimekianika. Cha pili kiko na viboko.

Kiprugut


Kimilili,
2 Desemba 1956

Kwa Kiprugut mwenye mashua,

Mkono ni wa mwalimu wa kanisa, maneno ni yangu. Mwambie huyo mtu haya.

Mwambie niliondoka bila kuaga kwa sababu nilimshika mkono mbele ya mwanangu, nikaona aibu. Si hasira. Nilikwenda kwa wazee wenzangu nikawaeleza. Wakasema mbuzi. Mbuzi amechinjwa, habari ya mkono imekwisha, asiibebe.

Lakini mmoja wao akaniuliza, ulipomshika ulisema nini? Nikawaambia. Wakasema mkono una mbuzi wake, ila neno halina mbuzi. Nani alikulazimisha kusema mukhana wange? Hakuna. Basi umesema. Mmoja mwenye mzaha akasema kijana wako ameoa dada yake, nikamwambia afunge mdomo anywe pombe yake. Lakini nimefikiri sana. Mke wa mwana naweza kumwita aje jikoni kwa mama mkwe. Binti yangu siwezi kumwita hivyo. Binti huja akitaka, hula, huondoka. Mke wangu amekasirika na hanisemeshi, anazungumza na kuku.

Mwambie na hili, na wewe mwenye mashua ukilisema ulisema kwa sauti ndogo. Hakuanguka. Nilikuwa nyuma yake, na mwavuli ulikuwa umeshuka. Niliuona mguu wake ukitoka wenyewe. Tangu siku hiyo najiuliza nilisema maneno gani mpaka mtoto wa watu akaona maji ni afadhali.

Mwambie abaki. Mwambie afundishe. Na huyo kijana mwambie barua yangu ya mwezi wa kumi aichome, na asinifiche tena nyuma ya ndege.

Khaemba


Kariandusi,
14 Desemba 1956

Cheptanui wangu,

Nakutumia nakala niliyoandika kwa mkono wangu. Ile yenyewe naificha ndani ya Biblia. Usomapo jina la mwisho jua kwamba nililiandika bila kulitamka, nimefunga midomo kabisa.

Niliisoma mara tatu nimekaa sakafuni. Mume wangu aliporudi nilimpa, akaisoma amesimama mlangoni, pale pale aliposomea ile ya Novemba. Akaikunja. Mkono wake ukaenda mfukoni.

Nikaichukua. Nikasema, "Hii si ya mfukoni."

Ndilo neno la kwanza nililomwambia uso kwa uso tangu ziwani. Alisimama pale na vumbi lake, kope nyeupe. Halafu akaligeukia birika. "Birika," akasema, "mwambie huyo mtu naomba msamaha."

Nilicheka, Cheptanui. Sikutaka, ilinitoka tu. Yeye akadhani yamekwisha, akapiga hatua, akanyoosha mikono kama siku ile ya sufuria.

"Hapana," nikamwambia. "Birika halikudanganya mtu. Kaa hapa. Sema na mimi."

Akakaa. Alianza na mwezi wa kumi, akaenda polepole, alivyoijibu barua ya baba yake siku hiyo hiyo kwa sababu hajawahi kumkatalia kitu, alivyotaka kuniambia Jumatatu, tena Jumatano, kila mara ananiona nimefurahi, anaahirisha. Nilimuuliza kama aliuona mguu wangu ulipotoka. Akasema aliuona. Akasema ndiyo sababu hakuthubutu kuniuliza nilivyoanguka.

Kwa hiyo tulikuwa tumejua, sisi watatu, na kila mmoja amefungiwa peke yake na kujua kwake.

Sijui kama nimemsamehe. Nimeondoa shuka dirishani. Ukuta uko pale pale, na ukitaka mbingu bado lazima uiname. Januari naanza darasa la kwanza, watoto arobaini na wawili. Kiatu kimoja kimekuja kwa posta, nimepanda kitunguu ndani yake.

Jana jioni kitambaa nilikitoa kwenye msumari. Nilianza na paji la uso.

Najua umeshika kalamu. Katika barua hii jina lake utalipata mara moja tu, na nimeliandika polepole: Wamalwa.

Nanyama